Mwandiko Wangu Kwenye Kibali cha Ziwa

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu nazipita. Tumekunywa chai pamoja asubuhi, na usiku ulikoroma kwa raha zako, kwa hiyo najua u mzima, nami unaniona. Sasa umekwenda kumuaga Mama Ngonyani. Jirani yetu yule namjua: hakuachii mpaka umalize ugali na umsikilize habari za kwaya yake tangu mwanzo. Basi nina mchana mzima wa kuandika. Barua hii nitakupa kesho alfajiri ukiwa umeshakaa kwenye kiti cha basi la Njombe, mwanzo wa safari yako ndefu ya kazini. Nikikupa leo utaisoma na kuja kuniuliza maswali, na wewe tangu usomee sheria unauliza kama mtu anayetafuta mwizi.

Sikuandikii habari za kufunga mlango wala kuchemsha maji. Hayo ukiyasahau utayakumbuka yakikupata. Nakuandikia habari za lile ziwa letu la upande wa Namasakata, kule Tunduru. Halikukauka kwa ukame peke yake kama nilivyokuambia miaka yote hii. Kuna kibali kilitolewa cha kuvuta maji yake, na kibali hicho kilisimama juu ya muhtasari wa mkutano nilioandika mimi kwa mkono wangu, na ndani ya muhtasari huo kuna uongo. Sasa muda wa kibali unakwisha na aliyepewa anaomba aongezewe. Wenzetu wa kijijini wanataka kupinga, wameniita nikaseme nilichofanya, na kikao ni keshokutwa. Nimetaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa shangazi yako, ambaye akilibeba neno huwa linanenepa njiani.

Unanijua mama yako ni mtu wa kushuku. Mtu akinisifia kanga naangalia kwanza kama haijafunguka. Konda akinisaidia mzigo naushika na mimi upande wa pili. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba nikijaliwa kuingia peponi nitauliza kwanza mlango wa kutokea uko wapi. Nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki sana, maana katika maisha yangu yote ya kushuku watu, siku moja tu niliyohitaji shaka yangu kwelikweli, niliielekeza kwa mtu asiyestahili.

Wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka matope na kambale tu. Ziwa lile wageni waliliita bwawa, sisi tuliliita ziwa. Masika lilifika mpaka kwenye mashina ya mikorosho ya babu yako. Kiangazi lilirudi nyuma, na pale liliporudi nyuma wanawake tulilima mpunga na mboga, kila mmoja na kipande chake alichoachiwa na mama yake. Hapakuwa na karatasi. Mtu akizidisha mpaka, wazee walimkalisha chini, akaona haya, yakaisha.

Ndipo akaja bwana mmoja wa madini. Alikuwa na mashimo yake upande wa pili wa bonde, na mchanga wa vito bila maji ya kuuoshea ni mchanga tu. Akataka kuweka pampu ziwani. Ofisi ya maji ikamwambia alete kwanza maoni ya watu wanaolitumia ziwa. Mkutano ukaitishwa pale shuleni. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya maji, kwa sababu nilifika darasa la saba na mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Unaijua mikutano yetu. Dua haijaisha, karatasi ya mahudhurio imeshaanza kuzunguka: namba, jina, kitongoji, sahihi. Mtu anaipokea kama anavyopokea maji ya kunawa, haulizi yametoka wapi. Na nani atakataa kusaini mahudhurio? Ukikataa unaonekana hukuja, na soda usipewe. Karatasi ya siku ile haikuwa na kichwa cha habari. Juu palikuwa peupe, kisha mistari. Niliona, maana kazi ya katibu ndiyo hiyo. Nikasaini wa kwanza nikampasia aliyekaa kulia kwangu.

Yule bwana akazungumza vizuri sana. Alipomaliza, akasimama Bi Asumini. Wewe humkumbuki: mjane, mrefu, mwenye bustani ya mboga pale ziwa lilipopinda.

"Maji haya utayavuta mpaka lini?" akamuuliza.

"Mama yangu, kwa kadiri ya kibali. Serikali ndiyo itakayopima."

"Na kiangazi sisi tutanywa nini?"

"Tutawachimbia kisima. Lakini nami niulize, mama. Ninyi hapa mna karatasi gani ya ziwa hili?"

Watu wakamgeukia mwenyekiti.

"Basi kama hamna karatasi, ziwa ni la serikali, na serikali ndiyo inayogawa."

"Mimi karatasi sina," akasema Bi Asumini. "Nina bustani ya bibi yangu. Mimi sikubali. Katibu, niandike. Andika Asumini amekataa."

Watu wakacheka kidogo, unajua wanavyocheka mtu akisimama peke yake. Nikasogeza kalamu juu ya daftari. Nilichora mstari tu, Mwanaidi, sikuandika jina lake. Kisha adhana ya adhuhuri ikaita, mwenyekiti akasema tutarudi siku nyingine tulimalize, watu wakaenda kuswali. Mkutano haukufikia popote.

Siku mbili baadaye yule bwana akaja nyumbani. Akavua viatu mlangoni. Akaniamkia shikamoo wakati tulikuwa karibu sawa kwa umri, kisha akaendelea kwa Kiyao safi cha kwetu. Mimi ninayemshuku hata mwadhini akichelewa, sikumshuku hata chembe.

"Mama Katibu," akasema, "ninahitaji muhtasari. Mahudhurio ninayo tayari, yako mfukoni."

"Mkutano haukuisha."

"Alibaki mtu mmoja. Wengine wote walinyamaza, na kunyamaza ni kukubali. Sasa mtu mmoja na bustani yake ya mchicha ndiye atanyima kijiji kizima kisima?"

Nikachukua kalamu. Nikaandika kwamba wajumbe wote kwa kauli moja waliridhia pampu iwekwe ziwani. Mwandiko ulinyooka, hakuna hata herufi moja iliyotetemeka. Akauambatanisha na ile karatasi isiyo na kichwa, na majina ya watu waliosaini kwamba wamekuja yakawa majina ya watu waliokubali. Jina la Bi Asumini lilikuwa la nne.

Utauliza alinipa nini. Hakunipa kitu, hata soda, na natamani angenipa. Ningekuwa nimehongwa, leo ningesema ni njaa na wewe ungenionea huruma. Niliandika kwa sababu ya wivu. Baba yako alikuwa akienda kwenye bustani ya yule mjane kila wiki, anarekebisha ua, anamchimbia mfereji, anarudi na furushi la mboga. Nikaamini anataka kumwoa. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo, nikalipika na mboga zile zile nikazila. Kwa hiyo Bi Asumini aliposimama shuleni sikusikia habari za maji. Nilisikia mwanamke anayetetea bustani anayokutana ndani yake na mume wangu. Nikasema moyoni, na ikauke basi.

Baba yako aliusoma muhtasari kabla haujaondoka. Nilimwonyesha mwenyewe, nilitaka nione uso wake.

"Mbona Bi Asumini hayumo?"

"Maneno ya mtu mmoja hayajazi ukurasa," nikamjibu.

Akaniangalia, akarudisha karatasi mezani, akatoka kwenda kulisha kuku ambao walikuwa wameshalishwa. Angeweza kunikemea. Angeweza kuichana. Hilo nalo linaniuma, kwamba na yeye alinyamaza, ingawa sitaki ubebe hasira juu ya mtu aliyekwisha kwenda.

Kibali kikatoka, pampu ikawekwa. Mwaka wa kwanza hatukuona tofauti. Bango likawekwa la mradi wa kisima, la rangi ya bluu, limeandikwa vizuri. Kisima chenyewe hakikufuata. Mwaka wa pili mvua zikawa haba na pampu haikupumzika. Ziwa likarudi nyuma halikurejea. Matope yakapasuka, kambale wakachimbwa na watoto kwa vijiti, ukiwemo wewe, ukaja nao nyumbani unacheka. Uliniuliza maji yamekwenda wapi. Nikakuambia Mungu ameyachukua. Mungu nilimsingizia, na nimeshatubu kwake, lakini kwako bado.

Watu wakaenda ofisini kulalamika. Wakaambiwa siku za kuweka pingamizi zilikwisha zamani, na tena wenyewe mliridhia, hizi hapa sahihi zenu. Mzee mmoja asiyejua kusoma akalitambua dole gumba lake kwa kovu. Wakarudi wamenyong'onyea, wakakaa kwa mwenyekiti wanatazamana. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema mmoja wao, na mimi nikaitikia kwa sauti kuliko wote. Nikashauri achunguzwe mwenyekiti. Maskini ya Mungu, hakuwa na kosa lolote zaidi ya kusinzia vikaoni. Walimshuku mpaka akahamia kwa binti yake kule Nalasi.

Sisi tukaja Songea. Tulisema ni kwa ajili ya shule yako. Shule ilikuwepo, sikatai, lakini mimi nilikuwa nakimbia.

Baba yako alipofariki, Bi Asumini alikuja kwenye msiba. Alipanda basi kutoka kule akakaa nasi siku zote za matanga, akiosha vyombo. Siku ya kuondoka akaniambia kwamba marehemu mume wake, akiwa kitandani hospitalini, alimwomba baba yako amtazamie ule ua na mfereji mpaka vijana wake wakue. Ndiyo habari yote. Baba yako hakuwahi kunieleza kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Mimi huwa siulizi, huwa nachunguza. Nilisimama pale na ndoo mkononi nikashindwa hata kusema asante kwa kuja.

Sasa nije kwako. Ulipomaliza chuo ukaandika ile barua ya kuomba kazi, ukanisomea hapa uani kwa furaha. Uliandika kwamba ulizaliwa kando ya ziwa lililokufa kwa ukame, na ndiyo sababu unataka kuwatetea watu wa nchi kame ambao maziwa yao yanakauka na kubaki chumvi. Niliinuka nikaenda kuanua nguo. Zilikuwa bado mbichi. Ulinicheka ukasema mama umechoka. Nilikuwa nimeshikilia shuka lililolowa, nawaza kwamba mwanangu amejenga maisha yake yote juu ya uongo wangu, na sasa uongo huo umempatia kazi.

Wiki iliyopita tukiwa tunachambua maharage ukanieleza mambo ya sheria. Ukasema watu waliotumia maji tangu enzi za bibi zao wana haki ya kimila, hata kama hawana karatasi, na haki hiyo inaweza kuandikishwa, na anayeomba kibali hawezi tu kuwapita kama hawapo. Nikakuuliza mara mbili una hakika. Ulidhani sijaelewa. Nilielewa vizuri mno. Ina maana siku ile shuleni, bustani ya bibi yake Bi Asumini ilikuwa na uzito mbele ya sheria, na yule bwana alijua, na alichohitaji ni katibu mmoja wa kulifuta lile neno "sikubali". Nilitupa maharage mazima nikaacha mabovu. Usiku ule tulitafuna mawe.

Na leo asubuhi, ulipokuwa bafuni, nimefungua begi lako. Ndiyo. Niliitoa barua ya kazi nikaisoma yote. Hilo shirika lako limeandika mambo mengi mazuri juu ya wananchi na ziwa lao, na kadiri yalivyozidi uzuri ndivyo nilivyozidi kutafuta. Nikapata, ukurasa wa pili. Kazi yako ya kwanza ni kuzunguka vijiji vya kando ya ziwa na kukusanya ridhaa za wakazi, kabla masika hayajaingia. Ridhaa, na haraka. Nikakaa kitandani kwako. Nikakuona umevua viatu mlangoni kwa watu, unawaamkia vizuri kama nilivyokulea, una karatasi mkononi. Nikakushuku, Mwanaidi. Wewe niliyekuzaa.

Inawezekana ni watu wema. Inawezekana ridhaa hizo ni za kuwapa wananchi maji na si za kuwanyang'anya. Mimi sijui, na wewe bado hujui. Sheria sina la kukufundisha. Karatasi nazijua. Kichwa cha habari kiandikwe kabla ya jina la kwanza. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na usomewe hasa wale wasiojua kusoma. Mtu akisema niandike nimekataa, mwandike, hata kama ni mmoja, hata kama ana kelele, hata kama humpendi. Hasa kama humpendi. Na mkubwa wako akikuambia aliyebaki ni mmoja tu, muulize huyo mmoja anaitwa nani na bustani yake iko wapi.

Utakapokuwa na hasira na mtu, usishike kalamu. Hili silisemi kwa busara. Nalisema kwa sababu mimi niliishika.

Ulipokuwa unapanga vitabu vyako jana uliniona napokea simu nikatoka nje, ukaniuliza ni nani, nikasema ni wa vitenge. Alikuwa mwenyekiti mpya wa jumuiya ya maji kule kijijini. Hakunigombeza. Alisema: "Mama Katibu, tumeambiwa muhtasari ule ukisimama, pingamizi letu halina miguu. Wewe ndiye uliyeuandika. Njoo useme mkutano ulikwishaje." Nimekaa na maneno hayo. Nikienda, nitasema mbele ya watu na mbele ya yule bwana kwamba niliandika uongo, na lile daftari langu la zamani lenye mstari uliochorwa mahali pa jina ninalo, nitalipeleka. Sijui watanifanya nini. Labda polisi, labda watanizomea tu, wewe ndiye unayejua vifungu. Nisipokwenda, kibali kitaongezwa, na yale maji kidogo yanayojikusanya masika, ambayo wamekuja kuyategemea tena, yatakwenda kuosha mchanga.

Nitakwenda, na alfajiri nimeshamtumia mwenyekiti ujumbe. Tutaondoka siku moja, wewe kwa basi la Njombe na mimi kwa basi la Tunduru, na Mama Ngonyani nimemwachia ufunguo, ingawa najua atachungulia makabati. Naomba usinipigie njiani kunizuia, wala usinitafutie wakili. Na huko kazini wakikuuliza juu ya lile ziwa ulilozaliwa kando yake, usiseme tena ukame. Sema ukweli, hata kama utanitaja. Utakuwa na hasira na mimi, na una haki, na itachukua muda. Mimi nitasubiri. Ninakupenda kuliko ninavyojipenda, na kwa mtu kama mimi anayejilinda hivi hilo si neno dogo. Nimeogopa kukuambia haya kuliko ninavyoogopa kikao.

Jambo la mwisho. Leo saa nne, ulipokwenda kukata tiketi, simu ililia tena. Alikuwa Bi Asumini. Sauti yake imekuwa nyembamba. Akasema, "Nimesikia unakuja. Usihangaike kutafuta pa kulala, utafikia kwangu. Nimeshatandika." Nikamuuliza kama anajua nakuja kusema nini. Akasema anajua, alijua tangu siku ile alipoona kalamu yangu inakwenda na mkono hauandiki. Kisha akaniuliza kama bado sili pilipili.

Tangu saa hiyo nakaa hapa natafuta anataka nini kwangu. Nimeyageuza maneno yake juu chini, nimetafuta mtego uko wapi, nimefikiria vijana wake, nimemfikiria yule bwana, nimefikiria kila kitu ninachojua kufikiria. Sijaona.

Mwanangu, huenda hataki kitu.

Mama yako